Kifua cha Mzee Kasimiri

Asubuhi ile Halidi alisema "kifua kisafi" kama alivyosema asubuhi zote, lakini safari hii kuna sauti iliyosema hivyo hivyo kabla yake, kidogo tu kabla, kama mtu anayekuwahi mlangoni. Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa wodi ya wanaume, na harufu ya mgomba uliooza ambayo haikuwepo alipoingia. Akamtazama Dokta Dominiko, daktari bingwa aliyekuwa akimsimamia, kuona kama naye amesikia. Dokta Dominiko alishahamia kitanda kinachofuata.

Tumjue kwanza huyu Halidi, maana watu wa aina yake ni wengi na ukimjua mmoja umewajua wote. Alikuwa katika mwaka wa mazoezi, ule ambao daktari aliyemaliza chuo hufanya kazi chini ya wakubwa kabla ya kupewa leseni, katika hospitali moja ya misheni chini ya milima ya Uluguru. Chuoni alisapu anatomia, mtihani akaurudia, akasapu fiziolojia, akaponea chupuchupu kudisko na kufukuzwa chuo, na kila aliponusurika mama yake alichinja kuku mtaani kwao Mafiga na kuita majirani. Sisemi kwamba udaktari ni lelemama. Wenzake walikonda, walijificha chooni wakalia, walilala na vitabu vifuani, na wengi wao wakatoka humo watu wa kweli, ukiwaona unaona raha kuwaamkia. Halidi alitoka na koti. Stetoskopu aliivaa shingoni mpaka sokoni, apate kuitwa daktari na muuza nyanya.

Kazi ya daktari wa mazoezi ni kufika mapema, kuweka stetoskopu kwenye kifua cha kila mgonjwa, mbele na mgongoni, kisha kumweleza bingwa alichosikia. Halidi aliiona hiyo ni kazi ya wajinga. Alikuwa akifika bingwa yuko mlangoni, yeye bado anatafuna chapati, anasimama mbele ya kila kitanda na kutangaza: kifua kisafi, mapigo ya kawaida. Chombo chenyewe hakikushuka shingoni. Na kwa kuwa wagonjwa wengi hupona kwa rehema za Mungu tu, hakuna aliyemshtukia.

Aliyemshtukia ni mmoja tu, Mzee Kasimiri, mkulima wa ndizi kutoka Matombo, aliyelazwa kwa kikohozi.

"Mjukuu wangu," alimwambia kwa kunong'ona, Dokta Dominiko alipokwisha kupita. "Hicho kidude hebu kiweke hapa. Humu ndani kuna kitu kinagonga, na hakigongi kama moyo."

"Mzee, wewe udaktari umesomea wapi?"

"Sijasoma, mjukuu wangu. Ndiyo maana nakuomba usikilize wewe."

"Kifua chako kisafi. Pumzika."

Mzee akajifunika shuka mpaka kidevuni. Kesho yake aliomba tena, na kesho kutwa. Siku iliyofuata hakuomba. Alikata roho adhuhuri, jua likiwa la utosi, saa ambayo watu wenye adabu zao hawamwagi maji ya moto uani bila kutoa taarifa, wasije wakawaunguza wasioonekana.

Sasa hospitalini hata maiti haaminiwi mpaka daktari amsikilize. Sista Paskalia, muuguzi wa zamu, alisimama upande wa pili wa kitanda akingoja, na mbele ya Paskalia hakuna ujanja. Basi Halidi akaivua stetoskopu shingoni, akaitia masikioni, na kwa mara ya kwanza kile chuma kikagusa kifua cha Mzee Kasimiri.

Kimya. Kimya cha kawaida cha mtu aliyekwenda zake. Halidi alitaka kuondoa mkono, lakini harufu ya mgomba uliooza ikapanda kutoka kwenye godoro, nzito na yenye unyevu, na mle ndani ya kile kimya, mbali kama nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, akasikia hatua za mtu anayekuja bila haraka, anakaribia, anakaribia, mpaka zikasimama chini kabisa ya mkono wake, na sauti iliyotulia, yenye heshima zote, ikasema:

"Hodi."

Ee Mola! Halidi huyu alikuwa mtu wa kupita wazee bila shikamoo, wa kumwita mama wa watu "kitanda cha tano." Lakini hata mtoto mkorofi wa Mafiga, hodi haimpiti. Mdomo hujibu kabla ya akili. Adabu aliyoikosa mwaka mzima ikamjia siku hiyo, mahali hapo.

"Karibu," akasema.

"Unamkaribisha nani, Daktari?" Paskalia aliuliza.

"Hakuna. Amefariki. Mfunike."

Ubaridi ulikwishapanda kwenye mirija ya stetoskopu, ukaingia masikioni kama maji ya mtoni, ukakaa.

Kesho yake ndiyo asubuhi ile niliyoanza nayo, sauti ilipomwahi wodini; hofu ikamfanya aanze kuweka chombo vifuani, na tangu hapo kila kifua alichogusa kilitoa kitu kimoja. Hakusikia pumzi wala moyo. Alisikia sauti yake mwenyewe, ile ile ya mdomo wenye chapati, ikisema taratibu: kifua kisafi. Mtoto anayekoroma kwa pumu, kifua kisafi. Dereva aliyevunjika mbavu, kifua kisafi. Alibadilisha stetoskopu, akaazima ya mwenzake, akaosha masikio kwa maji ya chumvi. Wapi! Na sasa nikuchekeshe: hakuna aliyegundua. Hospitali nzima, hakuna. Kiziwi na mtu asiyesikiliza, kazi yao ni ile ile, na maskini jini la watu lilikuwa limeingia nyumba ambayo madirisha yake hayajawahi kufunguliwa. Halidi alipoona hashikwi, hofu ikaanza kumtoka. Akaendelea kutangaza vilevile, na jini likimtangulia kidogo kila mara.

Ndipo mama yake alipougua.

Bi Mwanaheri aliletwa na majirani wawili, homa kali, ubavu unamchoma, kila pumzi anaivuta kama ndoo kutoka kisimani. Alipowekwa kitandani wodi ya wanawake alikataa kuguswa.

"Mimi nina daktari wangu," alisema, akiwatazama wagonjwa wa jirani ili wasikie vizuri. "Nimemzaa mwenyewe. Njoo, baba, nipime."

Halidi akaweka stetoskopu kwenye mgongo wa mama yake, ule mgongo uliombeba, ukaunguzwa na jua kwa ajili ya ada yake. Akasikiliza kwa kweli. Alifumba macho, akazuia pumzi, akaomba moyoni, Mungu wangu, leo tu. Ngozi ya mama ilikuwa inaunguza vidole.

Kifua kisafi, ilisema sauti.

"Vipi?" aliuliza Dokta Dominiko, aliyekuja mwenyewe kwa heshima ya mama wa daktari. "Tumpige picha ya kifua?"

Hapa ndipo palipokuwa na mlango. Neno moja tu: sisikii. Sikiliza wewe. Mwaka wa mazoezi ungekatishwa, leseni ingeyeyuka, koti lingebaki msumarini, lakini mama angetibiwa kifua. Halidi aliliona hilo waziwazi. Akaona pia macho ya mama yake, yanang'aa kwa homa na kwa fahari, na wale majirani wawili ambao wangeibeba habari mpaka Mafiga.

"Hakuna haja, Dokta. Kifua kisafi. Ni malaria."

"Una uhakika?" Paskalia alinong'ona. "Daktari, anavyovuta pumzi..."

"Sista, nimesema kifua kisafi."

Jioni yake, magharibi inaingia, alikuwa amekaa kwenye mkeka kwa Hafidhi, mtu wa Mafiga anayetoa majini. Hafidhi alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka bila kufungua mdomo.

"Mchana mnatuita matapeli," alisema. "Magharibi mnavua viatu mlangoni kwetu. Sema, ulimjibuje?"

"Nilisema karibu."

"Basi ubani wangu haufai kitu. Angeingia kwa nguvu ningemfukuza. Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, husindikizwa. Nenda kwa wafiwa wa yule mzee, useme mbele yao kwa mdomo wako: aliniomba nimsikilize, sikumsikiliza. Ukisema hivyo, atabaki huko huko."

"Na nisiposema?"

"Atajua nyumba ni yake. Atatumia kila chumba apendavyo."

"Lakini Mzee Hafidhi, wakinishitaki je?"

"Kumbe mama yako anaumwa kidogo tu," alisema Hafidhi, akainuka kwenda kuswali.

Alfajiri Halidi alipanda bodaboda kwenda Matombo, na hata huko alivaa koti jeupe na stetoskopu shingoni, kwenye barabara ile ya mawe na matope! Kadiri walivyopanda, ndivyo sauti ilivyozidi kumsemea sikioni bila hata ya kugusa mtu, kifua kisafi, kifua kisafi, ikipatana na mtikisiko wa pikipiki, ukungu ukishuka kwenye migomba, harufu ya kuoza ikimjaa puani, mpaka akamng'ang'ania dereva kiunoni kama mtoto na dereva akamuuliza kama anataka kutapika.

Nyumbani kwa Mzee Kasimiri wafiwa bado walikuwepo. Walipoliona lile koti walisimama wote. Wazee walisimama! Kiti cha pekee chenye mto kikafutwa, kuku akakimbizwa nyuma ya jiko, watoto wakaitwa waje kumuona daktari aliyepanda milima kuja kutoa pole. Halidi akaketi. Hicho ndicho alichokitafuta miaka yote ile ya kukariri na kusapu, na sasa alipewa chote kwa mkupuo, na watu ambao alikuwa amemuua baba yao.

Mjane, Mama Regina, alimletea maji ya kunawa kwa mikono yake.

"Ahsante, mwanangu. Mume wangu alituambia kuna daktari kijana, kila siku anampita, hataki kumsikiliza. Aliumia sana rohoni." Akamtazama usoni. "Siyo wewe?"

Sauti masikioni ikanyamaza. Ilitega sikio. Jibu lilikuwa pale kwenye ulimi wake, fupi, lisilozidi pumzi moja, na huko chini mama yake alikuwa akizitafuta pumzi zake moja moja.

"Hapana, mama," alisema Halidi. "Yule alihamishwa."

Akala kuku. Ndiyo, alikula, na akafungashiwa ndizi.

Alipokuwa akishuka, sauti haikurudi. Mkuyuni wakapita, Kiroka wakapita, masikio meupe pe, anasikia ndege, anasikia maji, anasikia mnyororo wa pikipiki unavyolia. Limetoka! Alicheka peke yake. Kwa hiyo hata Hafidhi alikuwa mjinga. Kumbe ilitosha kumfikisha mgeni kwao na kula naye. Alifika hospitali mchana ukielekea alasiri, akaingia wodi ya wanawake mbio, hakumtazama Paskalia aliyenyanyua mkono kumzuia, akasukuma pazia lililozunguka kitanda cha mama yake, akafunua shuka kifuani, akaweka stetoskopu.

Akasikia.

Akasikia pumzi inaingia, laini, inajaza upande wa kulia mpaka chini, inajaza wa kushoto, inatoka bila kukwaruza popote, na chini yake moyo unapiga sawasawa, imara, kama ulivyoelezwa kwenye vitabu vyote alivyovikariri bila kuvielewa, na machozi yakamtoka kwa furaha, akahamisha chuma huku na huku, mbele, ubavuni, na kila alipogusa palimjibu uzima, uzima mtupu, wala hakujali kwamba ngozi iliyounguza vidole vyake jana sasa ilikuwa baridi, maana homa ikishuka mwili hupoa, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

"Mama, umepona," alisema. "Umepona kabisa."

"Daktari Halidi," Paskalia alisema nyuma yake. "Pole, baba. Mama ametutoka tangu adhuhuri. Tulikupigia simu, huko mlimani haikupatikana."

Halidi akainua kidole, anyamaze.

Dokta Dominiko akaja. Alitoa stetoskopu yake mfukoni, akainama upande wa pili wa kitanda, akasikiliza muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa sababu alikuwa amemwamini kijana huyu bila kuhakikisha hata mara moja na sasa alikuwa amelielewa hilo. Kisha akaitoa masikioni.

"Hakuna kitu hapa, Halidi."

Halidi alimtazama bingwa wake kwa dharau, chuma bado amekigandamiza kwenye kifua cha mama yake, kichwa amekilaza upande, akiifuata ile pumzi inavyopanda na kushuka.

"Tatizo lenu," akasema, "hamjui kusikiliza."