Mlango wa Bimdogo

Sogeeni, wajukuu, mkeka ni mpana. Zimeni redio. Mwenye korosho mdomoni azimalize kutafuna, maana neno hili halitaki kelele. Julia mwacheni asinzie hapo kwenye nguzo. Amechoka tangu azaliwe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, korosho zikanunuliwa na kila mwenye mizani, na kila gari lililopanda Newala lilishusha mradi. Mmoja ukashukia hapa kwetu Mkunya: nyumba ya nesi. Msimamizi wake, Pancras, kijana wa Masasi, alisema wafadhili hawataki vitu vipya.

"Mbao kuukuu, bati kuukuu, matofali ya magofu, kila tunachokitumia tena kina alama yake. Alama zikitimia, nyumba inapewa cheti cha kijani. Wakiona cheti, watatujengea wodi ya wazazi."

"Nyumba ya kijani kwa matakataka!" akacheka jirani, Mama Cuthbert. "Haya, tumeishi tumeona."

Alama zikakaribia kutimia, zikagoma. Ndipo Pancras alipouona mlango wa Bimdogo.

Bimdogo alikuwa bibi wa ukingoni, pale njia inapoteremkia kisima cha bondeni. Alikuwa na jini wa maji. Kabla ya mabomba wanawake wote walishuka kule alfajiri, wakapanda na mitungi shingo zikiuma. Yeye alishuka mara ya pili, usiku, kumtekea jini wake. Alipokufa, nyumba yake iliachwa ianguke yenyewe. Ndiyo desturi: nyumba ya mwenye jini haichukuliwi hata ufito. Lakini mlango ulikuwa wa mninga, mzima kabisa.

"Bwana Pancras, huu una mwenyewe," alisema Nurdin, seremala.

"Mwenyewe si alikufa?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Nurdin akaufunga hivyo hivyo kwenye nyumba ya nesi, na mtungi wa bibi uliokuwa nyuma yake ukaja pamoja. Kisha, kwa adabu tu tuliyolelewa nayo, Nurdin akasimama nje aujaribu: "Hodi!"

Evelina, nesi mwenyewe, alikuwa ndani anafagia. "Karibu! Karibu ndani!"

Nurdin akaziba mdomo, amechelewa. Mlango ulifunguka polepole, na yeye hakuugusa.

Evelina alikuwa mgeni kwetu, mke wa Mwalimu Ebenezer. Mimba mbili zilikwisha kumtoka. Ya tatu ndiyo hiyo iliyoanza kuonekana, na aliibeba kama mtu abebaye yai kiganjani.

Asubuhi moja akaja kwa Mama Cuthbert, macho yamezama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Mwalimu hakulazi?"

Evelina hakucheka. Akainua khanga. Miguu ilikuwa na matope meusi hadi kwenye vifundo. Na kiangazi kilikuwa kimekaza, huku juu udongo wetu mwekundu ni vumbi tupu.

"Mama, matope haya ya wapi?" akanong'ona. "Nimelala. Naamka shingo inaniuma, utosi umelowa."

Mama Cuthbert aliyajua. Tope lile liko bondeni tu, kisimani.

Ebenezer akasema atakesha. Akaweka komeo, akakaa kwenye kiti, akasikia maji yakimiminwa mtungini taratibu, akanusa harufu ya chungu kibichi na majani yaliyooza, akataka kusimama, lakini uchovu ukamshukia mzito kama uchovu wa wanawake wote waliowahi kupanda mteremko ule, na alipofumbua macho kumekucha, komeo liko palepale, mkewe yuko kitandani ameshika tumbo analia, na miguu yao wote wawili ni myeusi.

"Damu," alisema Evelina. "Imeanza kidogo."

Wakamkimbilia Pancras auondoe mlango. "Wakaguzi wanakuja wiki hii," alisihi. "Nikiung'oa, alama hazitoshi. Wodi je?"

"Wodi ya wazazi," alisema Evelina, "na mimi nizae nini?"

Akachukua tindo, akaung'oa mwenyewe.

Mchana ule mganga Bwanali aliusimamisha kwenye gofu la Bimdogo, akafukiza ubani, akamketisha Evelina mbele yake. Kinywa cha Evelina kikafunguka, sauti ikatoka ya kizee, imechoka, imechoka kuliko sote.

"Mlinikaribisha. Na mimi nina kiu."

"Aliyekukaribisha anakuaga," alisema Bwanali. "Sema, mama."

Evelina akajikaza. "Safari njema, mgeni."

Kisha ile sauti, karibu kwa upole: "Haya. Huyu mkubwa nimemsamehe."

Bwanali akaruka. "Na mdogo? Nakuuliza, na mdogo?"

Ubani ukazimika.

Damu ilikata. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Wakaguzi walikuja, wakahesabu, wakaondoka. Wodi ikajengwa kwingine. Nurdin alirithi bawaba za mlango, akazifukia. Mama Cuthbert alirithi mtungi, ambao kila asubuhi una maji na hakuna wa kuyanywa. Bwanali alirithi aibu. Nyumba ya kijani ilirithiwa na popo.

Na mtoto, ndiye Julia huyo. Msimwamshe. Inueni tu pindo la khanga, muone miguu yake.