Kodi ya Kilo na Mkasi wa Kankindi

Kila Jumatatu asubuhi duka la Libérate pale Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lilijaa watu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku aliyofungua belo. Belo ni furushi kubwa la nguo za mitumba, lililobanwa sana na kufungwa mikanda. Laurent, baba wa watoto watatu, alilishusha kutoka kwenye lori na kulibeba mgongoni hadi ndani. Libérate alichambua nguo. Kankindi, fundi wa cherehani, alishona zile zilizochanika.

Libérate alikuwa Mrundi. Kankindi alitoka milima ya Kivu Kusini. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na katika miaka hiyo Libérate hakuwahi kuona mshono wa Kankindi ukifumuka.

Mwezi wa saba mambo yalibadilika. Libérate alikwenda Mbarara kununua mabelo manne ya mwezi kama kawaida. Alirudi na mawili. Mwezi wa nane, kwa fedha zilezile, alirudi na moja.

"Kodi ya mitumba imepanda," aliwaambia. "Kila mtu mjini analia."

Alijaribu kupandisha bei. Wateja walishika nguo, wakauliza, wakazirudisha mezani. Nao walikuwa na matatizo yao.

Belo moja kwa mwezi halikuwa kazi ya kumtosha mbebaji. Libérate alikwenda nyumbani kwa Laurent mwenyewe, akamweleza mbele ya mkewe, ili asije akadhaniwa ameiba. Laurent alisikiliza hadi mwisho.

"Nimeelewa, Mama Doriane," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama walivyozoea. Wiki hiyohiyo alienda Rugaaga kulima maharage ya watu wengine.

Libérate hakula vizuri siku ile.

Kisha likaja belo la mwezi wa tisa. Libérate alikata mikanda, akavuta nguo ya kwanza. Ilikuwa koti la mwanamume, zito na pana kama blanketi. Ya pili ilikuwa koti. Ya tatu pia. Karibu nusu ya belo zima ilikuwa makoti ya nchi za baridi kali, ambayo mtu wa Nakivale hawezi kuyavaa hata kwa wiki moja. Nani angeyanunua?

Jirani yake Cassien, ambaye naye aliuza mitumba, alikuja akasimama mlangoni.

"Mimi nimeshaachisha wasichana wawili kazi," alisema. "Lakini nimepata njia nyingine. Kuna mabelo yanavuka mpaka kimyakimya, hayalipiwi kodi. Tununue pamoja."

"Nipe siku mbili nifikiri," Libérate alijibu.

Kesho yake alikwenda Mbarara kwa Rwakabuba, mwenye ghala la mitumba. Rwakabuba alikuwa Mnyankole wa makamo, mfanyabiashara wa siku nyingi. Alimpa kiti.

"Baba, leo sikuja kununua," Libérate alisema. "Nimekuja kuuliza. Hii kodi inahesabiwa namna gani?"

Rwakabuba alitabasamu. "Nyabo, mama yangu, watu mingi nakuja hapa kugombana na mimi. Wewe ndiyo ya kwanza kuuliza." Akamwonyesha namba iliyoandikwa kwenye belo. "Ona. Hii ni kilo. Kule mpakani wanapima kilo. Mashine ya kupima haijui shati nzuri na shati mbaya. Iliyochanika nalipa sawasawa na mpya."

"Kwa hiyo koti zito linalipa kuliko gauni jepesi?"

"Hata gauni tano. Kwa hiyo koti sasa hakuna mtu anataka."

Libérate akauliza kwa nini kodi imepandishwa.

"Gavumenti nataka watu wavae nguo ya kushonwa hapa, viwanda vyetu vipate kazi. Hiyo si mbaya. Tena barabara na hospitali nataka pesa. Lakini hata wewe ulikuwa na watu wa kazi, na mimi pia. Hapa walikuwa saba, leo iko nne." Alitazama ghala lake. "Kazi ya mtu mmoja naweza kuua kazi ya mwingine. Hiyo lazima tuwaambie wakubwa, kwa mkutano, kwa barua ya chama. Si kwa kukimbia."

Libérate alimweleza habari ya mabelo ya kuvuka kimyakimya, bila kumtaja Cassien.

"Acha kabisa," Rwakabuba alisema. "Wakishika, wanachukua mzigo na gari, na faini juu. Utapoteza siku moja kile ulijenga miaka sita. Nunua kidogo, chukua risiti, lala usingizi."

Libérate alirudi Misiera jioni. Alimwambia Cassien kwamba hatashiriki. Cassien alicheka, akasema ana woga wa bure.

Lakini bado makoti yalikuwa pale, yamerundikwa hadi dirishani. Jumamosi Libérate alimwita Kankindi.

"Mama Kankindi, wewe unajua hali," alisema. "Belo ni moja tu, na nusu yake ni makoti yasiyouzika. Sijui kama nitaweza kukulipa mwezi ujao."

Kankindi aliinuka, akachukua koti moja, akaligeuza ndani nje. Alipapasa bitana, akavuta mishono, akapima mgongo wa koti kwa shubiri zake.

"Kule Mbarara walikuambia nini juu ya hii kodi?" aliuliza.

"Kwamba inalipwa kwa kilo."

"Basi hii kitambaa yote tumeshailipia kodi?"

"Yote."

"Na hapa asubuhi batoto banaenda masomo banatetemeka." Kankindi alilikunja koti mkononi. "Mama Doriane, miye sisemi mingi. Unipe siku mbili na hii koti moja. Nikishindwa, nitaenda kwetu bila maneno."

Libérate alikubali. Siku mbili zile alimwangalia akifanya kazi, na ilikuwa kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kankindi hakuchora kwa chaki. Alitazama tu, kisha mkasi ukapita. Mgongo wa koti ukatoa kifua na mgongo wa koti dogo, na pande zake za mbele zikatoa la pili. Mikono ikatoa mikono minne mifupi. Bitana ikakatwa upya. Vifungo vilivyobaki vikagawanywa. Jumatatu jioni kulikuwa na makoti mawili ya watoto mezani, na kofia moja iliyotokana na kola.

Libérate aliyageuza, akatafuta kasoro. Hakuipata.

"Ulijifunza wapi hii?"

"Kule milimani kuna baridi, na nguo ilikuwa shida. Mama yangu alinionyesha."

"Na miaka sita hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Kankindi alisema kwa upole.

Jumapili iliyofuata Doriane, binti wa Libérate, alikwenda misa amevaa koti moja. Baada ya misa akina mama watatu walimshika mabega, wakauliza limenunuliwa wapi. Wiki hiyo makoti sita madogo yaliuzwa. Siku ya soko kule Kabingo, nje ya kambi, yaliuzwa mengine kumi na moja, tena kwa wenyeji wenye watoto shuleni.

Sasa Libérate alipokwenda Mbarara aliomba makoti, yale ambayo wengine waliyakataa, na Rwakabuba alimpunguzia bei kwa furaha. Kodi haikupungua hata shilingi moja. Ila kila koti alilolilipia lilitoa nguo mbili badala ya moja, na matambara yaliyobaki yalijazwa kwenye mito. Kazi ya kushona ikamzidi Kankindi. Alitafuta cherehani la pili, na wasichana wawili walioachishwa na Cassien wakaja kujifunza kwake.

Cassien alikamatwa mwezi wa kumi na moja karibu na mpaka. Mzigo wote ulichukuliwa. Alifunga duka.

Libérate alimtumia Laurent ujumbe Rugaaga. Alirudi, akawa anapeleka makoti kwenye masoko ya Kabingo na Rugaaga, na safari hii analipwa sehemu ya mauzo.

Mwanzoni mwa mwaka wafanyabiashara wa Misiera walifanya mkutano, waandike barua kwa wakubwa juu ya kodi. Libérate alitia sahihi. Kisha mtu mmoja akamwuliza duka lake limewezaje kuongeza watu wakati mengine yanapunguza.

"Nilitaka kumwachisha kazi mtu aliyekuja kuniokoa," alisema. "Kabla ya kumwondoa mtu, ulizeni kwanza kodi imewekwa juu ya nini. Halafu mwulizeni huyo mtu anajua nini. Mengine atawaeleza fundi wangu."

Watu wote waligeuka. Kankindi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alitazama chini. Kisha alisimama polepole, akapita katikati ya viti hadi mbele, akaomba mkasi na koti.