Sauti Iliyoelemea Kulia

Nani huenda River Road kutafuta mchumba? Lenox alienda kutafuta miksa, mashine ya studio ya kuchanganyia sauti. Ndani ya duka la Jasleen la vyombo vya muziki, watu wakisukumana mlangoni, alisimama na shati lake jeupe lililonyooshwa vizuri, akishika miksa ambayo Awuor, msichana wa gauni la manjano, alikuwa ameshaikunjia uso.

"Hiyo usinunue. Haiongezeki chaneli, njia za kuingizia sauti," Awuor alimwambia.

"Sasa wewe ni fundi ama malaika?"

"Fundi. Malaika hawaji River Road."

Mwaka uliofuata walikuwa wakirekodi pamoja kwenye studio ya Lenox huko Muthangari, wakipendana hadi majirani wakazoea. Ikafika siku ya kuchagua miksa kubwa. Awuor alitaka iliyojaa chaneli tayari. Lenox akashikilia ile ambayo nusu ya nafasi zake zilikuwa tupu, zimezibwa kwa vibati, za kuongezewa chaneli baadaye.

"Utaziongeza wewe," akasema.

"Mimi? Na wewe utakuwa wapi, mpenzi?"

Lenox akanyamaza. Na mwanamume akinyamaza hapo, mwanamke afikirie nini? Awuor aliona anaachwa. Akachukua mkoba wake akaenda, moyo ukimuuma kwelikweli.

Kwake Kawangware akasikiliza wimbo wao wa mwisho, alioumaliza Lenox peke yake. Sauti zote zilikuwa zimeelemea spika ya kulia. Fundi kama yule hakosei hivyo, ila kama upande huo hausikii vizuri, akawa anauongeza ili asikie sawa. Akampigia simu.

"Lenox, sikio la kulia limekusumbua tangu lini?"

"Tangu Januari. Daktari wa Upper Hill anasema hilo basi tena, na la kushoto linafuata."

"Si ungeniambia?"

"Ungebaki kwa kunihurumia. Nilitaka nikuachie mashine utakayoikuza nikishindwa."

"Kumbe wewe ni mjinga hivyo. Ningoje hapo."

Alimkuta ameketi mbele ya miksa ya zamani, macho mekundu. Akavuta kiti, akakaa kushoto kwake.

"Tutanunua ile ya nafasi," alisema. "Lakini kama kuna swali unataka kuniuliza, niulize leo. Nataka jibu langu ulisikie."

Lenox alilia kwanza. Kisha akamuuliza, polepole, iwapo atakubali waoane. Awuor akainamia lile sikio lililobaki, akamjibu ndiyo, na Lenox alipozidi kumsogezea sikio, akarudia.