Maneno Matamu Ndiyo Yaliyobaki

“Dada yangu, ningeweza kula hela yako nikakudanganya, lakini sitaki dhambi. Humu hamna kitu.”

Fundi simu aliisukuma simu juu ya kioo cha meza yake. Mwanamke aliyesimama mbele yake hakuichukua.

“Jaribu tena.”

“Nimejaribu kila ninachokijua. Hizi programu za siri ndivyo zilivyo. Ujumbe ukishajifuta, umejifuta kwako na kwa aliyekutumia. Labda umuulize mwenyewe alikuandikia nini.”

“Kesho ataulizwa. Mbele ya tume.”

Fundi aliinua macho, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

“Kumbe wewe ndiye yule wa bwawani?”

Alichukua simu yake akaondoka, na fundi wa watu hata hela hakudai.

Ndiyo, ndiye yeye wa bwawani. Kazini walimwita Bi Milango, kwa kuwa milango mikubwa ya kutolea maji ilikuwa mikononi mwake, na jina alilipenda. Mwezi uliopita, alfajiri, alifungua milango miwili bila kupiga king'ora. Maji yakashuka kwenye bustani za mboga kule chini yakamkuta mtu mmoja akihangaika kuokoa pampu yake. Mtu huyo alikuwa mume wa dada yake, tumbo moja. Mwili ulipatikana jioni. Nyumba yao nayo ilikwenda, ndiyo maana dada mtu sasa alikuwa akilala chumbani kwa yule yule aliyefungua maji.

Hebu fikiria ndugu wawili, kitanda kimoja, na jambo hilo katikati.

Alipofika nyumbani alimkuta dada yake ameketi mlangoni, kanga ya msiba begani.

“Umetoka wapi?”

“Kwa fundi simu.”

“Amepata?”

“Hajapata.”

Dada alicheka kicheko kikavu.

“Mdogo wangu, tangu tuzike unaniambia ulitumwa. Nani alikutuma? Unanyamaza. Mimi pole zako zimenitosha. Nitajie mtu.”

“Kesho utamsikia mwenyewe. Ameahidi atasema kwa kinywa chake.”

“Kama kweli ulitumwa, nitakupigia magoti mbele za watu nikuombe radhi kwa yote niliyokuwazia. Lakini kama ni uzembe wako... Kama ni uzembe wako, sina mdogo. Nitakuwa nimezika wawili.”

Bi Milango aliingia ndani akajifungia, akalia huku amejiziba mdomo kwa mto.

Angewezaje kulitaja jina? Aliyemtuma alikuwa Mhandisi, mkuu wake wa kazi. Huyo huyo ndiye mchumba wake, aliyekwishaleta posa na kupokelewa na dada huyo huyo kwa vigelegele. Tena siku ya mazishi Mhandisi alibeba jeneza, bega la mbele kulia, akamshika dada mkono akimwambia, “Shemeji, jikaze, tuko pamoja.” Dada alimwona ni mtu wa watu.

Sasa ujue ofisi yao ilivyokuwa. Kisheria, agizo la kufungua maji lilipaswa kuja kwa barua pepe ya serikali, na king'ora kipigwe mapema watu wa chini wajiondoe. Lakini barua pepe ya serikali ilibaki ya kutangaza misiba na michango ya harusi. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye programu ya siri, ile ya ujumbe unaojifuta, ambayo wao waliita porini. Waziri alikuwa porini. Wakurugenzi walikuwa porini. Mtu akikuambia “njoo porini,” ujue kuna neno halitakiwi kubaki. Na mapenzi ya Mhandisi na Bi Milango yalizaliwa huko huko, yakakua huko huko, kila neno tamu likifutika baada ya muda wake.

Yeye hakuweza kuvumilia yafutike. Programu haikukubali skrini yake ipigwe picha na simu iliyomo, kwa hiyo alitafuta simu yake ya zamani, akawa anaipiga picha ile mpya. Wengine hutunza maua, yeye alitunza picha hizo. Ila alikuwa mtiifu. Mhandisi alimwambia ya kazi yasitunzwe, basi kila alipopiga picha aliisogeza simu karibu, maneno ya kazi yabaki nje.

Alasiri ile alimpigia simu mchumba wake.

“Mbona unanipigia laini ya kawaida?” Mhandisi aliuliza kwa sauti ya chini. “Njoo porini.”

“Leo sitaki porini. Nataka nisikie sauti yako ukiniambia kesho utasema nini.”

“Mpenzi, si tuliongea?”

“Tuongee tena. Dada amesema atanikana.”

“Nitasema ukweli. Nitasema Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja na waandishi kuonyesha bwawa liko salama, akataka maji yawe yameshuka kabla hajafika, na king'ora kisipigwe watu wasije wakashtuka. Nitasema mimi ndiye niliyekuagiza.”

“Uliniambia umeshaongea na watu wa chini. Nilikuuliza, ukaniambia nikuamini.”

“Najua. Sikiliza. Una chochote ulichohifadhi?”

“Nina picha.”

“Picha?” Sauti ilibadilika. “Picha gani?”

“Za maneno yako. Ukiniandikia vizuri nilikuwa napiga kwa simu ya zamani. Usinicheke.”

“Hata ya siku ile?”

“Hata ya siku ile.”

“Na agizo limo?”

“Halimo. Ulinikataza ya kazi. Nimepiga yale matamu tu.”

Upande wa pili alisikika akishusha pumzi ndefu. Bi Milango, maskini, aliihesabu pumzi ile kuwa ni huruma.

“Nakupenda sana, unajua?” Mhandisi alisema. “Kesho usiogope. Nakuapia kwa mama yangu mzazi.”

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikula akashiba.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wajumbe wa tume, na katikati yao mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, jaji mstaafu, aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua. Safu ya kulia walikaa watumishi wa ofisi ya maji. Dada alikaa nyuma, kanga ile ile begani.

Mhandisi aliitwa kwanza. Suti ilimkaa, na sauti yake ilikuwa ya upole.

“Mhandisi, nani alitoa agizo la kufungua milango?” mwenyekiti aliuliza.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sikutoa agizo lolote.”

Bi Milango alihisi masikio yanamdanganya. Aligeuka kumtazama mtu wa pembeni yake, labda naye amesikia vibaya.

“Ofisi yenu hutumia programu za siri kupeana maagizo?”

“Hapana. Tunatumia barua pepe ya serikali tu. Imekaguliwa, na siku hiyo hakuna agizo.”

Safu nzima ya watumishi iliinamia viatu vyake. Wote walikuwa wa porini, na simu zilizokuwa mifukoni mwao zilikuwa zinatetemeka wakati ule ule. Hakuna aliyetaka unga wake umwagike.

“Anasema uongo!” Bi Milango alisimama. “Mheshimiwa, anasema uongo! Aliniagiza kwenye simu, tena alisema king'ora nisipige!”

“Kaa, utaitwa.”

“Ninacho kidhibiti!”

Mwenyekiti alimwashiria asogee. Alipita katikati ya watu ameishika ile simu ya zamani kwa mikono miwili, akaiweka mezani. Hakuwa na kingine. Alijua agizo halimo, lakini alijiambia angalau wataona kwamba alfajiri ile Mhandisi alikuwa macho, anamwandikia, kwenye programu ile ile anayoikana.

Mwenyekiti alivuta miwani juu akasoma kwa sauti.

“‘Umeamka, malkia wa maji? Nimekuota umevaa lile gauni tulilochagua. Ukimaliza zamu, njoo unikumbatie kabla sijaenda kuwapokea wakubwa.’”

Kicheko kilianza nyuma kikasambaa. Malkia wa maji! Mwenyekiti aligonga meza.

“Hili ndilo agizo?”

“Agizo lilikuwa chini yake. Hapo ukingoni, tazama, vinaonekana vichwa vya herufi.”

Mwenyekiti aliikuza picha. Alimpa mjumbe wa kulia, akampa wa kushoto. Vichwa vya herufi vilikuwepo kweli, kama nywele za mtu aliyezama. Hakuna aliyeweza kuvisoma.

“Binti yangu,” mwenyekiti alisema, na sauti haikuwa ya ukali, “kwa nini ulipiga picha ya juu ukaacha ya chini?”

“Nilikatazwa kutunza ya kazi.”

“Na nani?”

“Na yeye.”

“Kwa maandishi?”

“Ndiyo. Lakini... yamejifuta.”

Kicheko kingine. Mwenyekiti alimgeukia Mhandisi.

“Ujumbe huu ni wako?”

Hapo Bi Milango alimtazama machoni. Alimtazama kwa matumaini yote aliyokuwa nayo, posa, gauni, jeneza na kile kiapo cha mama mzazi.

“Ni wangu, Mheshimiwa,” Mhandisi alisema, akainamisha kichwa. “Huyu ni mchumba wangu, sitamkana. Tuliwasiliana huko kwa mambo yetu binafsi, si ya kazi. Najilaumu sana. Saa ya ujumbe inaonyesha ni muda mfupi kabla milango haijafunguliwa. Nadhani nilimvuruga akili akiwa zamu. Akapitiwa.”

Akapitiwa. Neno moja tu, tena limesemwa kwa huruma, na watu wakatikisa vichwa wakimwona bwana yule ana moyo. Ingekuwa amemtukana, Bi Milango angepata nguvu ya kumjibu.

“Simu hii itabaki hapa kama kielelezo,” mwenyekiti alisema. “Na wewe usisafiri mpaka taarifa itoke. Ukajiandae na mwanasheria, kama unaye.”

Karani aliitia simu kwenye bahasha akaifunga. Mhandisi aliitazama bahasha ile mpaka ilipofungwa.

Nje, kwenye korido ndefu yenye madirisha, dada alikuwa anatembea mbele, haraka, ameishika kanga kifuani.

“Dada! Nisubiri!”

Dada alisimama lakini hakugeuka.

“Malkia wa maji,” alisema polepole. “Mume wangu anapiga kelele kwenye tope, wewe unasoma malkia wa maji.”

“Dada, aliniagiza! Wallahi aliniagiza!”

“Mtu yule alibeba jeneza la mume wangu. Na leo umesimama mbele za watu kumbebesha uzembe wako.”

“Alibeba kwa kuwa alijua!”

“Inatosha.”

Dada akaendelea kutembea. Bi Milango aliegemea ukuta. Simu yake ikatetemeka mfukoni. Porini. Mhandisi.

“Nisamehe. Agizo lilikuwa langu, na Mungu analijua. Mheshimiwa Waziri alinitisha, ningefungwa mimi. Mwambie dada yako mumewe hakuuawa na uzembe wako, nilimuua mimi kwa woga wangu. Nakupenda, na hilo halijawahi kuwa uongo.”

Alisoma haraka. Agizo lilikuwa langu! Yote yalikuwa mle, agizo, Mheshimiwa, na mume wa dada. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkoba kutafuta simu ya zamani. Ulipapasa leso, ukapapasa funguo, ukapapasa kitana.

Ndipo akaelewa. Mhandisi aliisubiri ile bahasha ifungwe kwanza, ndipo akaandika.

Pembeni ya ujumbe, kiduara cha muda kilikuwa kinapungua. Alikuwa ameuwekea muda mfupi kuliko wa siku zote.

“Dada!” Alikimbia. Kiatu kilimvuka, akakiacha. “Dada, soma! Soma, kaandika mwenyewe, soma!”

Watu waligeuka, wengine wakampisha, mmoja akamcheka. Dada alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Bi Milango alimshika kanga, akamvuta, akamwekea simu usoni.

“Soma, nakuomba! Kwa ajili ya marehemu, soma!”

Pengine ni lile neno marehemu. Dada aliishika simu. Alipangusa machozi kwa kiganja apate kuona, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, kwa kweli akitafuta. Alitaka kukipata kitu mle, hilo lilionekana usoni mwake. Alitaka abaki na mdogo wake.

Kisha akamrudishia.

“Hamna kitu humu, mdogo wangu,” alisema. Akashuka ngazi.