Kengele Iliyonyamazishwa

Mvua ya mawe ndiyo iliyomrudisha Regina nyumbani mapema. Mkutano wa akina mama wa kanisa ulikuwa umalizike jioni, lakini mawe yalipoanza kugonga mabati hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, wakaombeana na kuagana. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na nusu alasiri. Aliingia uani kwake Kibirichia akiwa ameloa, akaenda moja kwa moja kwenye kijumba cha jikoni akoke moto. Jiko lake la makaa halikuwepo.

Akatoka kulitafuta. Ng'ambo ya ua kulikuwa na chumba alichompangisha mwanafunzi mmoja, Maxine Kathambi. Chini ya mlango wa chumba hicho, upande wa nje, gunia la waru, viazi vya huku, lilikuwa limekunjwa na kusukumizwa barabara kwenye upenyo. Regina alidhani msichana anazuia maji yasiingie. Akalivuta gunia, akabisha, akaita. Kimya. Alipoufungua mlango, joto zito lilimpiga usoni.

Jiko lilikuwa katikati ya chumba, makaa yakiwa mekundu. Maxine alikuwa sakafuni, shavu juu ya mkono, kama mtoto aliyesinzia akicheza.

Regina alimburuta hadi nje kwenye mawe ya barafu, kisha akapiga nduru hadi majirani wakaja.

Inspekta Kagure Njiru alipofika, Maxine alikuwa tayari njiani kupelekwa hospitali mjini Meru, ndani ya pikapu ya jirani. Alikuwa anapumua, lakini haitiki. Kagure alisimama mlangoni asiguse kitu. Aliona mtungi mdogo wa gesi pembeni. Aliona kifaa cha pumu juu ya meza, karibu na kompyuta iliyofungwa. Aliona pia vikombe viwili vya uji, kimoja kitupu, kingine kimeguswa kidogo tu. Chini, nje ya kizingiti, kulikuwa na maranda mapya ya mbao yaliyolowa mvua.

"Mama, huyu msichana alikuwa anatumia makaa?"

"Makaa? Na ile pumu yake?" Regina alishika kichwa. "Hata nikichoma mahindi alikuwa anakimbia. Anapika kwa gesi."

"Na haya maranda?"

"Ni ya fundi. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, unagonga kitanda. Leo saa sita nilimwita augeuze, sasa unafungukia nje. Alimaliza nikienda kanisani."

"Ulimwacha Maxine na nani?"

"Peke yake, na kompyuta. Lakini jana, afande, aligombana na yule kijana wa kina Riungu. Walipigiana kelele hapa mpaka kuku wakatawanyika."

Kagure alilitazama tena gunia. Mtu aliye ndani hawezi kuziba mlango kwa nje. 

Riungu hakuwa kwao. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kagure alimpata Jumamosi asubuhi kwenye ghala la waru la mjomba wake, amejikunyata nyuma ya magunia, midomo mikavu.

"Madam, aki si mimi," alisema kabla hajaulizwa.

"Si wewe uliyefanya nini?"

"Watu wanasema Max amekufa."

"Hajafa. Mligombana kwa nini?"

 Riungu alianza na mambo ambayo Kagure hakuyatarajia. Yeye na Maxine walikuwa wanasoma kompyuta chuoni Embu. Likizo hii walikuwa wamejiunga na mpango wa wanafunzi kuchangia programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maagizo yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma na kuuboresha. Kila mwanafunzi huchagua wazo moja la mradi kati ya yaliyopendekezwa, na hupewa mshauri wa kumwongoza.

"Programu yetu inaitwa Chonjo. Inalinda friji za chanjo kwenye zahanati. Joto likipanda, inapiga kengele na kumtumia nesi ujumbe."

"Na mshauri wenu?"

"Stephen Kailemia. Ndiye aliyeianzisha na anayeisimamia, ofisi yake iko Embu. Mimi nilipewa wazo la kutafsiri maneno ya Chonjo kwa Kimeru. Max akachagua lingine, ambalo si la mshauri. Lilipendekezwa na Sista Beverlyne wa zahanati ya hapa: kuchunguza kwa nini kengele zingine hazilii. Mshauri alimwambia aachane nalo, ni gumu kwa mwanafunzi. Akakataa."

"Akapata nini?"

Riungu alishusha sauti, ingawa ghalani hapakuwa na mtu mwingine. "Kuna mahali kwenye msimbo pameandikwa hivi: kipima joto kikikatika, onyesha kijani. Sema friji ni salama. Hiyo si bahati mbaya, madam. Mtu aliiweka makusudi. Nilimwambia Max anyamaze, hatujui ni nani tunamchokoza. Ndiyo tukagombana."

 Wanja, binti yake wa mwaka mmoja na nusu, alichanjwa surua katika zahanati hiyo hiyo.

"Max alimwambia nani mwingine?"

"Dosari ya hatari haitangazwi hadharani kwanza, watu wabaya wasiitumie. Unamwambia msimamizi wa programu faraghani, airekebishe. Hiyo ndiyo desturi."

"Na jana alasiri wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa Sista. Tulikuwa tunapima friji na kipimajoto cha mkono."

Sista Beverlyne, nesi msimamizi wa zahanati, aliyathibitisha yote bila kumung'unya maneno. Tangu saa nane hadi mvua ilipokwisha, Riungu alikuwa naye. Friji ilikuwa vuguvugu. Kwenye skrini, Chonjo ilionyesha kijani.

"Mtu angesema wewe ndiye mwenye cha kuficha," Kagure alimwambia. "Friji iliharibika mikononi mwako."

"Angesema," Beverlyne alijibu, macho yamemjaa machozi. "Ndiyo maana niliomba ichunguzwe. Watoto niliowachanja kwa mkono huu wamekuja na vipele, inspekta. Watatu. Na upande wa Kianjokoma, kule Embu, nasikia mmoja alikufa." Akatoa simu. "Ujumbe huu wa sauti alinitumia jana mchana."

Sauti ya Maxine ilikuwa ya mtu anayejikaza asitetemeke. "Sista, usimchanje mtoto yeyote kwa dawa ya hiyo friji. Kengele imezimwa na mtu. Nimeambiwa nisiongee mpaka tukutane ana kwa ana. Niombee tu."

"Akutane na nani?" Kagure aliuliza.

Beverlyne alitikisa kichwa. Hakutajiwa.

Saa tano kamili Kagure alimpigia simu Stephen Kailemia. Sauti iliyojibu ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Maxine amepatikana chumbani kwake hajitambui," Kagure alisema. "Kulikuwa na jiko la makaa ndani."

"Maskini! Ni msichana mwenye akili sana." Akaongeza: "Hizi ajali za baridi ya huko juu, inspekta. Moshi ule hauna harufu ya kukuonya. Angepata nguvu kidogo tu ya kuusukuma ule mlango, hewa ingeingia. Amesema chochote?"

"Bado. Uliwahi kumtembelea?"

"Mimi? Sijawahi kukanyaga Kibirichia. Tunaonana kwa video. Jana nilikuwa ofisini hapa Embu, nimejifungia na kazi."

"Alikueleza tatizo lolote kwenye Chonjo?"

"Hapana. Angekuwa nalo angeniambia."

Kagure alikata simu akiwa na wasiwasi asioujua unatoka wapi. Usiku ule aliamka kumgusa Wanja paji la uso, akalala, akaamka tena.

Jumapili daktari alimpigia. Damu ya Maxine ilikuwa na dawa ya usingizi. Na kuna mwanamume, akaongeza, anayepiga simu wodini kila baada ya muda akiuliza kama mgonjwa ameanza kuongea. Hakutoa jina. Kagure alimweka Konstebo Gitari mlangoni, na kuwaamuru wauguzi waseme jibu moja tu: bado amelala.

Ukweli ni kwamba Maxine aliamka Jumapili jioni. Alikumbuka asubuhi ya Ijumaa, akakumbuka kutuma ujumbe kwa Beverlyne. Baada ya hapo palikuwa peupe. Lakini kila hatua za viatu zilipopita kwenye korido, alikuwa anashika shuka kwa mikono miwili.

Kabla ya kwenda hospitali Jumatatu, Kagure alipitia kwa Regina. Alitaka kukiona chumba mara ya mwisho. Aliuvuta mlango, akaingia, kisha wakati wa kutoka akausukuma kwa bega. Hapo akaganda, mkono bado kwenye ubao. Akampigia Riungu.

"Kwenye video zenu, mlango wa Maxine ulikuwa unaonekana?"

"Ee. Uko nyuma yake. Ukifunguliwa unagonga kitanda, puu! Mshauri alikuwa anacheka."

Saa saba na nusu mchana Stephen Kailemia alitokea wodini akiwa amevaa koti safi, mkononi ana kikapu cha ndizi na chupa ya uji. Gitari alimruhusu apite kama alivyoagizwa. Kagure alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Maxine alikuwa ameegemea mito, macho wazi.

Kailemia alisita. "Nimeambiwa amelala."

"Ameamka. Karibu, keti."

"Mungu ni mwema." Aliweka chupa mezani na kufungua kifuniko. "Maxine, mwanafunzi wangu, unanikumbuka? Kunywa kidogo upate nguvu."

Harufu ya uji ilipotandaa, mikono ya Maxine ilianza kutetemeka. Ikapanda mabegani. Meno yakagongana. Hakujua kwa nini. Alimtazama Kagure kwa hofu tupu, kama mtu anayezama.

Kagure alijaza kikombe kimoja, akamsukumia Kailemia. "Anza wewe."

"Mimi nimeshakula."

"Funda moja tu, mwalimu."

Kailemia alikitazama kikombe. Hakukigusa.

"Basi nitazungumza mimi," Kagure alisema. "Uliniambia angeusukuma mlango. Kwenye video zote mlango ule unavutwa ndani. Uligeuzwa Ijumaa saa sita mchana. Mtu aliyeona ukisukumwa nje ni yule tu aliyekuwa Kibirichia baada ya saa hiyo. Nawe uliniambia hujawahi kufika."

"Ni namna ya kusema tu, inspekta. Mtu yeyote..."

"Mtu yeyote hawezi kupigia wodi hii simu kumi. Namba tumeipata, ni ya ofisi yako. Na alichokunywa Maxine kilikuwa uji wenye dawa ya usingizi. Huu nao utapimwa leo. Tukikuta ni uji tu, nitakuomba msamaha mbele ya watu."

Kailemia aliketi polepole. Ghafla alionekana mzee.

"Ilikuwa tuipeleke Chonjo mbele ya wafadhili," alisema, akiitazama sakafu. "Kengele zilikuwa zinalia ovyo, hata friji ikiwa nzima. Kosa lilikuwa langu, nilisoma vipima joto vibaya, na maonyesho ni kesho yake. Nikaweka kijani. Kwa siku moja tu, nikajiambia. Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Chonjo ikasifiwa, zahanati zikaomba, jina langu likapanda. Kisha yule mtoto wa Kianjokoma akafa. Kila nilipotaka kurekebisha, niliona nitaulizwa, ilianza lini? Niliogopa."

"Maxine alikuambia faraghani, kama desturi inavyotaka."

"Alinipa mpaka Jumamosi, kisha angeitangaza. Nilienda kumsihi."

"Ulienda na uji wenye dawa," Kagure alisema. "Ukalitoa jiko la mwenye nyumba, ukaziba mlango wakati yupo kanisani. Huko si kusihi."

"Ningeirekebisha baadaye. Naapa."

Sauti ya Maxine ilitoka imekwaruza, lakini kila mtu aliisikia. "Ulikuwa na miaka miwili, mwalimu."

Gitari alimfunga pingu. Walipokuwa wakitoka, Maxine alimwomba Kagure amwitie Riungu aje na kompyuta. Mchana ule ule, yeye akiagiza kitandani na Riungu akiandika, waliufuta ule mstari. Wakaandika onyo kwa zahanati zote zinazotumia Chonjo: msiamini kijani, pimeni kwa mkono, chanjo za friji zilizopata joto zitupwe, watoto waitwe tena. Safari hii waliliweka hadharani, na majina yao mawili chini.

Jumatano, foleni katika zahanati ya Sista Beverlyne ilifika mpaka kwenye shamba la waru la jirani. Dawa mpya ilikuwa imeletwa asubuhi kwenye masanduku ya barafu. Kagure alisimama foleni kama mama wengine, bila sare, Wanja mgongoni. Alimgusa shingo tena na tena. Usiku mtoto alikuwa na joto kidogo. Inaweza kuwa meno. Inaweza isiwe meno.

Beverlyne alimvua Wanja shati, akamkagua nyuma ya masikio, kifuani, tumboni. Alichukua muda mrefu. Kagure, aliyewahi kukabili watu wenye mapanga, alitazama ukutani.

"Hana vipele," Beverlyne alisema. "Ni jino. Hili hapa, linachomoza."

Kisha akachukua sindano. Wanja alipiga ukelele uliowashtua akina mama hadi mwisho wa foleni, na Kagure akamkumbatia, akicheka na kulia kwa pamoja.