Fumua Kuanzia Ulipokosea

Kila Jumamosi, kabla jua halijafika dirishani, mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Mlio wake ulipenya ukutani na kuingia usingizini mwa Chiriku, naye akaota mvua. Alipofumbua macho, mvua ilikuwa sindano tu, na mama alikuwa akisema, "Amka. Pasi haijipigi yenyewe."

Walimwita Chiriku kwa sababu hakuacha kuongea wala kuimba. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika kwaya ya watoto kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Lakini sasa, Jumapili tatu zilikuwa zimepita bila yeye kukanyaga kanisani. Kila mara alisema kichwa kinamuuma.

"Kichwa kinachouma Jumapili tu, kikapona wakati wa chakula," mama alisema, "hicho si kichwa, ni kalenda."

Kilichomuuma Chiriku kilikuwa joho. Mwezi uliopita mama alishona majoho meupe ya kwaya, yeye akayapiga pasi. Alipofika kwenye joho la rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote, mvuke ulipanda ukawa kama mawingu. Akajiona amesimama juu ya mawingu hayo akiimba, na watu wote chini wametulia. Alipozinduka, pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia kwenye pindo. Alilikunja joho, alama ikabaki ndani.

Kesho yake mwalimu wa kwaya alilikunjua mbele ya wote. Chiriku akawahi kusema, "Twiga alilichukua kwao kulijaribu."

Twiga alikana, lakini aliyeaminiwa ni binti wa fundi. Mwalimu alimtoa Twiga kwenye kwaya. Chiriku alifungua kinywa kuanzisha wimbo, sauti ikagoma. Tangu siku hiyo hata sala ilimshinda. Akifika mahali pa kuomba msamaha, maneno yalimpotea, akawa kama mtu anayetafuta mlango gizani katika nyumba yake mwenyewe.

Jumamosi hiyo mama alimpa mkono wa gauni aushone. Chiriku aliushona huku mawazo yakielea mbali, ukatoka umepinda. Akauwekea pasi na kukandamiza.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Naunyoosha, mama."

"Unapiga pasi juu ya kosa. Ukivaliwa utapinda tena." Mama alimpa wembe. "Fumua."

"Wote?"

"Kuanzia ulipokosea. Si nusu yake."

Chiriku alikata uzi mmoja, kisha mwingine. Jua lilikuwa limefika dirishani. Aliuinua mkono wa gauni kwenye mwanga, na matundu ya sindano yakang'aa kwa mstari kama nyota ndogo. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Mama, joho la Twiga nililiunguza mimi."

Cherehani ilinyamaza.

"Najua," mama alisema. "Mwalimu alilileta juzi nilitengeneze. Pasi yetu ina pengo pembeni, na alama ile ina pengo. Nilikuwa nakungoja."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Ningekugombeza, ungekiri kwa kuniogopa mimi. Haya, vaa viatu. Twiga kwanza, kisha mwalimu."

"Na Mungu?"

"Zungumza naye njiani. Hajahama."

Njiani Chiriku alinong'ona sala. Safari hii maneno yalimjia, moja baada ya jingine, naye akalia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

Twiga alikuwa akifua uani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya povu.

"Mwezi mzima nimekaa benchi la nyuma na wazee wanaokoroma," alisema. "Mmoja ameanza kuniita mjukuu."

"Nisamehe."

"Bado nimekasirika." Twiga alikamua shati. "Lakini nitakusindikiza kwa mwalimu. Nataka kukusikia ukisema."

Chiriku alisema yote. Mwalimu alimwomba Twiga radhi, akamrudisha kwenye kwaya. Chiriku aliambiwa kesho aseme hivyo hivyo mbele ya kwaya, kisha akae benchi la nyuma Jumapili mbili. Hakubisha.

Jioni alifumua pindo lililoungua, mama akakata kitambaa kipya, wakakishona pamoja.

"Matundu ya zamani bado yanaonekana," Chiriku alisema.

"Likifuliwa yatajifunga." Mama alikata uzi. "Sikiliza, mwanangu. Mtu akikosea humkimbia Mungu akidhani amefukuzwa. Hakuna aliyemfukuza. Rudi, useme ukweli, utengeneze ulichoharibu. Msamaha wake Mungu hatuulipii, lakini uongo wako hakuna atakayekufumulia."

Jumapili ya kwanza, baada ya kukiri mbele ya wenzake, Chiriku alikaa kati ya wazee wawili. Mwanga wa dirisha ulimwangukia Twiga, joho likawa jeupe hata macho yakauma. Wimbo ulipoanza, sauti ya Chiriku ilitoka yenyewe, taratibu. Mzee wa kulia akazinduka usingizini, akamtazama, akaanza kuimba naye.