Ua la Bi Harusi

Kila asubuhi Vumilia na Loveness, wanafunzi wa darasa la sita pale Tinde, walifagia uwanja wa shule huku midomo haipumziki. Habari za mtaa mzima walikuwa nazo.

Siku hiyo Mwalimu Selestine aliwataka wanafunzi walete ua la porini na kueleza asili ya jina lake. Atakayeshinda angesimulia mbele ya wazazi siku ya mahafali.

"Usimwambie mtu," Vumilia alinong'ona. "Nyumbani kwetu kiduha tunakiita ua la bi harusi. Bibi yangu Philomena alipoolewa..."

Akamsimulia rafiki yake yote.

Kipindi kilipoanza, Loveness aliwahi kunyoosha mkono, ameshika kiduha, gugu lenye maua ya zambarau.

"Bibi yangu Ndaki alipoolewa, aliyakuta maua haya kwenye mtama wa wakwe zake. Akadhani ni mapambo! Akang'oa magugu mengine, haya akayaacha. Kiduha kikanyonya mizizi, mtama ukadumaa. Mawifi wakacheka mpaka wakakaa chini: 'Njooni mwone ua la bi harusi!' Jina likabaki."

Darasa likapiga makofi. Vumilia akamtazama Loveness. Loveness akatazama ubao.

"Vumilia, zamu yako."

"Mwalimu, hadithi yangu ndiyo hiyo."

"Acha wivu, wewe!" Mayala alidakia kutoka dawati la nyuma. Kisha akajikuna kichwa. "Lakini Loveness, Bibi Ndaki si mzaliwa wa hapa hapa? Kila siku anatufokea tung'oe kiduha, eti yeye alikijua tangu anabebwa mgongoni. Siku ya harusi alikisahau?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Bi harusi gani asiyejua kiduha?" mwalimu aliuliza.

"Aliyetoka kwa Wazinza, mwalimu," Vumilia alijibu. "Bibi Philomena. Kwao walilima mihogo, mtama aliukuta huku."

Loveness aliinamisha kichwa. "Ni ya kwao, mwalimu. Nilitaka na mimi nipigiwe makofi."

"Nilikwambia wewe peke yako," Vumilia alisema.

"Mahafali utasimulia wewe, Vumilia," mwalimu aliamua. "Loveness, jioni nenda ukamwombe radhi Bibi Philomena."

"Vumi, utanisindikiza?"

"Njia unaijua."

"Usimlaumu," mwalimu alimwambia Loveness taratibu. "Habari ya mtu ukiipenda, isimulie, ila mtaje mwenyewe. Ukilificha jina lake umemwibia. Makofi umeyapata leo leo, lakini kuaminiwa tena na rafiki yako kutachukua muda. Anza leo kuitafuta imani yake."